Mwenye haki ya kulalamika

Tutafakari pamoja kesi moja ya Ufaransa. Mwaka 2009 ilifunguliwa huko tovuti iitwayo Gleeden, inayowakutanisha watu wenye ndoa na wapenzi wa pembeni. Baadaye matangazo yake, yenye alama ya tofaa lililoumwa, yalibandikwa kwenye mabasi ya Paris. Wengi walikasirika, wengine walisema mtu mzima na ajiamulie mwenyewe. Mwaka 2015 shirikisho la vyama vya familia za Kikatoliki liliishtaki kampuni hiyo. Tarehe 16 Desemba 2020 mahakama ya juu ilikataa madai yao.

Sababu ya hukumu inastahili kupimwa. Kifungu cha 212 cha Sheria ya Raia kinawadai wanandoa uaminifu, lakini tangu 1975 uzinzi si kosa la jinai tena. Ni mwenzi peke yake awezaye kulalamikia uaminifu uliovunjwa. Mtu wa nje hana neno.

Hatuibezi hukumu hiyo, kwa maana ahadi ni ya wawili. Lakini bidhaa inayouzwa hapo ni siri. Yule mmoja mwenye haki ya kulalamika ndiye anayefichwa. Tunaposema kwamba huo ni uhuru wao, tunamhesabu mmoja tu. Wa pili yuko nyumbani, anamwekea chakula mezani mtu asiyemjua tena.

Basi tusimngoje hakimu. Rafiki akituomba tumfichie, tumjibu kwa upole kwamba hatuwezi, arudi akaseme na mwenzi wake.