Runinga Inafunza, Lakini Nani Anamjibu Mtoto?

Leo naomba tuziache seva na misimbo kidogo, tuzungumze kuhusu mtambo uliofika katika nyumba zetu nyingi kabla ya tarakilishi: runinga. Hasa nataka tuangalie vipindi vya elimu vinavyotengenezewa watoto wadogo, wale ambao hawajaingia Gredi ya 1. Je, vinawafunza kweli, au ni njia tu ya kuwanyamazisha ili watu wazima wapate kupumua?

Kwangu mimi hili limekuwa swali la nyumbani. Dada yangu ana binti wa miaka mitatu na nusu. Dada hutoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini hapa Nairobi na kurudi saa moja usiku, na mtoto hushinda na yaya na runinga. Mpwa wangu anahesabu hadi ishirini kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Marekani, anazijua rangi zote, na anajua majina ya dinosaria ambao mimi na shahada yangu ya sayansi ya tarakilishi siwajui. Lakini mama yangu akipiga simu kutoka Kitui na kumsalimu, mtoto kimya! Kikamba hajui, na Kiswahili chake ni maneno ya kuokoteza. Juzi juzi mama akauliza, "Huyu mjukuu wangu analelewa na nyinyi au na runinga?" Dada aliumia sana. Usiku huo alinipigia: "Kaka, wewe ndiwe uliyesomea mambo ya mashine. Niizime kabisa au niiache?"

Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha, kwa hiyo niliketi nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanzie Marekani, kwani huko ndiko jambo hili lilikochunguzwa kwa makini mapema. Kipindi cha Sesame Street kilianza kurushwa tarehe 10 Novemba 1969. Walioanzisha wazo hilo ni Joan Ganz Cooney, mtayarishaji wa vipindi vya runinga, na Lloyd Morrisett, mwanasaikolojia. Waliona kwamba watoto wadogo walikuwa wakiimba nyimbo za matangazo ya bia bila kukosea hata neno. Basi, kama mbinu za matangazo zinaweza kumkaririsha mtoto bia, kwa nini zisimfunze herufi na nambari? Waliowalenga hasa ni watoto wa familia maskini, ambao walikuwa wakiingia shuleni wakiwa wameachwa nyuma tayari.

Kilichonivutia kama mwundaji programu ni jinsi walivyofanya kazi yao. Mtafiti wao, Edward Palmer, aliwakalisha watoto mbele ya runinga, na kando yake akaweka skrini nyingine iliyoonyesha picha mpya kila baada ya sekunde 7 na nusu. Kazi ya msaidizi ilikuwa kuandika tu: sasa mtoto anatazama kipindi, sasa amegeukia picha. Mwishowe walikuwa na grafu iliyoonyesha ni wapi hasa kipindi kilichosha. Julai 1969, miezi michache kabla ya kuanza, vipindi 5 vya majaribio vilionyeshwa kwa watoto mjini Philadelphia. Wataalamu walikuwa wameshauri kwamba vikaragosi visichanganywe na watu wa kawaida katika sehemu za barabarani, eti mtoto atashindwa kutofautisha ndoto na ukweli. Majaribio yakaonyesha kwamba sehemu hizo zisizo na vikaragosi ndizo watoto walizozipa kisogo. Basi watayarishaji wakauweka kando ushauri wa wataalamu, wakawaumba Big Bird na Oscar, wakawatia barabarani pamoja na watu.

Sisi waundaji programu tunafaa kuielewa hadithi hii haraka. Watumiaji kumi wakikwama kwenye ukurasa mmoja, mwenye kasoro ni ukurasa. Mtoto wa miaka minne ndiye mpimaji mkali kuliko wote, kwa sababu hana adabu ya kujifanya amefurahi.

Haya, kipindi kilipendwa. Je, kilifunza? Wachumi wawili, Melissa Kearney na Phillip Levine, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walitumia mbinu ambayo yeyote aliyewahi kupanda juu ya paa kugeuza antena ataielewa. Wakati ule vituo vingine vya Marekani vilirusha kwa masafa ya VHF na vingine kwa UHF. Mawimbi ya UHF hayakufika mbali kama ya VHF, na runinga nyingi za zamani hazikuweza kuyapokea kabisa. Kwa hiyo ni kama theluthi mbili tu ya Wamarekani waliokuwa wakiishi mahali ambapo Sesame Street ilipatikana. Si utajiri wala werevu uliowatenganisha na wenzao, ni bahati ya masafa. Lilikuwa jaribio kubwa ambalo hakuna aliyelipanga!

Walipolinganisha, waligundua kwamba watoto wa mahali palipokuwa na mawimbi mazuri walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa katika darasa linalolingana na umri wao, yaani hawakurudia madarasa sana. Faida hiyo ilionekana zaidi kwa wavulana, kwa watoto weusi, na kwa wale waliokulia katika maeneo ya umaskini. Kuhusu walivyoendelea na masomo ya juu na mishahara yao ukubwani, ushahidi haukuwa na nguvu kiasi hicho. Lakini kwa kitu kinachoingia nyumbani kupitia antena, si haba. Sisi nasi tuna pengo letu: sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba ni kama nyumba 4 tu kati ya 10 zilizokuwa na runinga inayofanya kazi.

Hadi hapo nilikuwa tayari kumwambia dada aiache runinga iwake. Lakini ukisoma zaidi unakuta jambo lingine.

Tathmini za kwanza za Sesame Street zilionyesha kwamba watoto waliotazama sana ndio waliojifunza zaidi. Mwaka 1975 Thomas Cook na wenzake waliipitia upya data ile ile. Walionyesha kwamba familia nyingi katika utafiti huo zilikuwa zikitembelewa na watu waliowahimiza mama na mtoto kukitazama kipindi. Watoto waliotazama bila kuhimizwa na yeyote walijifunza pia, lakini walichokipata kilikuwa kidogo zaidi. Kwa hiyo sehemu ya matunda yaliyohesabiwa kuwa ya runinga yalitokana na mtu aliyebisha hodi mlangoni.

Kwa watoto wachanga mambo ni wazi zaidi. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle walichapisha jaribio la watoto Wamarekani wa miezi 9. Kundi moja lilikaa na mtu aliyecheza nao na kuwasomea vitabu kwa Kichina, mara 12. Kundi lingine lilipewa Kichina hicho hicho, muda huo huo, lakini kupitia runinga. Waliokaa na mtu walianza kutofautisha sauti za Kichina. Wa runinga hawakupata chochote, sawa na watoto ambao hawakuwahi kukisikia Kichina! Mwaka 2010 Judy DeLoache na wenzake walijaribu video za kufunza maneno kwa watoto wa miezi 12 hadi 18. Waliotazama kwa wiki nne hawakuwashinda wale ambao hawakutazama kabisa. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao wazazi wao waliambiwa tu: mfunze mtoto maneno haya upendavyo, bila video.

Sababu yake mimi naiona kwa jicho la kazi yangu. Runinga hutuma lakini haipokei. Mama akisema "kikombe" na mtoto akaangalia sahani, mama ataona, atamgeuza uso, atarudia. Runinga itaendelea na wimbo wake. Programu isiyopokea jibu la mtumiaji haiwezi kujua kama imeeleweka.

Watayarishaji werevu wamejaribu kuliziba pengo hilo. Kipindi cha Blue's Clues, kilichoanza Marekani mwaka 1996, kilikuwa na mtangazaji aliyeuliza swali, kisha akanyamaza huku akiitazama kamera, ili mtoto apate nafasi ya kujibu. Tena kipindi kile kile kilirushwa siku tano mfululizo. Mtu mzima angechoka siku ya pili, lakini watafiti walikuta kwamba kadiri watoto walivyorudia kukitazama, ndivyo walivyozidi kujibu kwa sauti. Mtoto anayesema "tena, tena" hasumbui, anajifunza.

Huku kwetu Afrika Mashariki nako hatujalala. Tanzania ilikuwa na Kilimani Sesame, na sasa kuna Ubongo, shirika lililoanza Dar es Salaam mwaka 2013. Hao ndio watengenezaji wa Ubongo Kids na, kwa wadogo zaidi, Akili and Me, katuni ya msichana wa miaka minne anayeishi karibu na Mlima Kilimanjaro. Akilala huingia Lala Land, nchi ya ndotoni alimo na marafiki zake wanyama. Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland alikifanyia utafiti huko Morogoro na watoto zaidi ya 500, matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Baada ya takriban mwezi mmoja, waliotazama Akili and Me waliwashinda wenzao waliotazama vipindi vingine katika kuhesabu, kutambua nambari na maumbo, na kuchora. Mtoto wa chekechea wa Morogoro, katuni iliyotengenezwa Dar, na lugha anayoielewa. Mimi hapo nilifurahi sana.

Basi nikarudi kwa dada na jibu, lakini kwanza nikamuuliza swali: mpwa wangu anapotazama, yaya anafanya nini? Akasema anafua, anapika, au anakaa tu. Anazungumza naye? Kidogo. Kwa nini? Hapo ndipo nilipoelewa. Yaya anatoka Mwingi, Kikamba ndiyo lugha yake. Lakini alipoajiriwa aliambiwa azungumze na mtoto kwa Kiingereza, ili mtoto asije akahangaika shuleni. Kiingereza chenyewe yaya anakijua kwa shida, kwa hiyo akaona afadhali anyamaze. Katika nyumba ile, aliyekuwa akizungumza kutwa nzima ni runinga peke yake.

Nilimwambia dada kwamba runinga haina makosa, ni ule ukimya ulioizunguka. Tukakubaliana hivi. Kwanza, kipindi kimoja cha Kiswahili kiwe cha wiki nzima, kirudiwe kila siku. Pili, kikiisha, kimeisha. Kwenye rununu hili lina umuhimu zaidi, kwa sababu mitandao ya video huanzisha video nyingine yenyewe, na inayofuata haikuchaguliwa na mwalimu. Ingieni kwenye mipangilio mkafunge. Tatu, na hili ndilo kubwa, yaya azungumze Kikamba chake chote: aulize Akili amekwenda wapi, wanyama ni wangapi, yule mdogo anaitwaje. Nne, Jumamosi mtoto amsimulie nyanya yake alichokiona.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Aprili 2019, lilipendekeza watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na walio chini ya mwaka mmoja wasitazame kabisa. Ni ushauri mzuri, lakini mwenye kurudi nyumbani saa moja usiku ana hesabu zake. Mpwa wangu bado anapita saa moja siku nyingine, na sitamlaumu dada kwa hilo. Lakini sasa anatazama akiwa na mtu wa kumjibu.

Imepita miezi mitatu. Salamu za Kikamba anazijibu, tena kwa sauti kubwa, na anahesabu hadi tano kwa Kikamba kabla hajarukia Kiingereza. Wiki iliyopita alimsimulia nyanya habari za Akili kwa dakika kumi, kwa lugha tatu zilizochanganywa kama githeri. Mama alipopewa simu yangu baadaye aliniuliza, "Huyu Akili ni mtoto wa nani?"

Namalizia na neno kwa wenzangu mnaotengeneza programu za watoto, na najua mko wengi. Wengi wetu tunahesabu dakika: mtoto amekaa kwenye programu yetu muda gani. Palmer naye alihesabu kutazama, lakini kwake hiyo ilikuwa hatua ya kwanza tu, kwa kuwa mtoto asiyetazama hawezi kufunzwa. Baada ya hapo walipima kama amejifunza. Sisi tunaishia kwenye dakika, tunashangilia. Ongezeni kitu kidogo: mwisho wa somo, swali moja ambalo mtoto hawezi kulijibu kwa kidole, bali kwa kumwita mtu aliye jikoni.

Na nyinyi wazazi, wajomba na mashangazi, huko kwenu watoto hutazama nini, na kwa lugha gani? Niambieni, maana dada ameshaanza kuuliza nini kifuate baada ya Akili.