Kabla ya Kupanda Mashua, Tazama Henza

Likizo ya Desemba inapowadia, jamaa wengi wa Nairobi hushuka pwani, na wenye nafasi hufika hadi Lamu. Huko, msomaji, hutakosa wa kukushawishi upande mashua ya tanga uvuke hadi Manda. Panda, raha ipo. Lakini kabla hujaketi na wanao, inua macho uitazame kamba moja iitwayo henza.

Henza ndiyo kamba ya kutwekea tanga. Hufungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ikapita juu ya mlingoti na kushuka nyuma, ambako hukazwa kwa gofia na jarari. Je, kazi yake ni hiyo tu? La hasha! Henza iliyokazwa ndiyo pia huushikilia mlingoti kwa nyuma upepo unaposukuma tanga. Ikikatika, foromali huja chini kwa kishindo, na walioketi hapo aghalabu ni abiria.

Mjomba wangu, baharia wa miaka mingi, hakuwa na masihara na jambo hili. Kamba ya makumbi aliisifu kwa kustahimili maji ya chumvi, ingawa ni dhaifu, hivyo lazima iwe nene. Mkonge una nguvu zaidi, ila huoza upesi baharini. Nailoni je? Ina nguvu ajabu, lakini hunyumbuka. Upepo ukizidi, tanga lililokuwa limekaa vyema hulegea na kushuka. Zile za plastiki za rangi ya buluu, ambazo bei yake humvutia kila mtu, huliwa na jua mpaka zikatoa unga mkononi. Mwenyewe aliishia kwenye poliesta, isiyonyumbuka sana wala kuogopa jua. Ni ghali, naam.

Kamba hiyo aliisuuza kwa maji baridi ya kisima, kwani chembe za chumvi hukereza nyuzi kwa ndani, kisha akaianika kivulini. Kila msimu aliigeuza, ncha ya juu ikawa ya chini, ili isisuguliwe pale pale juu ya mlingoti.

Basi mwulize nahodha henza yake imegeuzwa lini. Halafu tazama mwenyewe: nyuzi zilizokatika, manyoya manyoya, sehemu iliyokonda kuliko nyingine. Ukiyaona hayo, teremkeni. Mashua katika gati la Lamu ni nyingi.