Saa mbili ya kompyuta

Najua nimepotea. Nilikwenda nyumbani Tabora wiki moja, nimerudi na kisa.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaandika programu za kompyuta. Ofisi yake ni chumba chake pale Kanyenye: kitanda, meza na feni. Siku hizi anatumia zile programu za kuandikia msimbo zenye akili mnemba. Unaieleza unachotaka kwa maneno, yenyewe inakuandikia.

Nilimkuta na kazi ya mzee mmoja mfanyabiashara wa asali. Mzee anakopesha wenye maduka na madeni yote yako kwenye daftari. Alitaka programu itakayotunza hesabu na kuwakumbusha wadaiwa kwa ujumbe wa simu. Kazi ya wiki mbili, dogo aliimaliza jioni mbili. Nilikaa pembeni nikitazama mistari ikijiandika yenyewe, nikaanza kuihurumia ajira yangu ya gazetini.

Dogo aliiagiza kwa Kiswahili: watumie ujumbe saa mbili asubuhi. Ikajibu kwa adabu kwamba tayari.

Usiku huo, saa nane, simu za wadaiwa zikalia. Kompyuta ilikuwa imeandika 02:00. Mnajua wenyewe simu ya saa nane za usiku kwetu maana yake nini. Ni msiba. Mama mmoja mwenye duka aliamka anatetemeka, akakuta anadaiwa madumu mawili ya asali. Kulipokucha alikwenda kwa mzee, akalipa lote, akasema hachukui tena mzigo kwake.

Mzee hakufoka. Alimwambia dogo, "Mwanangu, huyu mama nimefanya naye biashara miaka kumi na moja."

Sasa tujiulize. Zana hizi zina thamani gani?

Mwaka 2022 watafiti, wakiwamo wa GitHub yenyewe wenye programu ya Copilot, waliwapa waandika programu 95 kazi moja ndogo. Waliotumia Copilot waliimaliza kwa muda pungufu kwa asilimia 55 hivi. Mwaka 2025 taasisi ya METR ya Marekani ikawapima wazoefu 16 kwenye miradi wanayoijua vizuri. Hao, wakitumia akili mnemba, walichelewa kwa asilimia 19. Kituko ni kwamba baada ya kazi waliamini wamewahi kwa asilimia 20!

Kwa hiyo spidi unayoihisi siyo lazima iwe spidi uliyonayo. Muda uliookoa kwenye kuandika unaweza kuulipa kwenye kusoma na kurekebisha. Usiposoma, kama dogo, analipa mteja.

Tabora ni mji uliokuzwa na misafara iliyokuwa ikipita kati ya Bagamoyo na Ujiji. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi begani, na njia aliijua: wapi pana maji, wapi panatakiwa hongo. Hii zana inabeba mzigo mkubwa kuliko pagazi yeyote, lakini njia haiijui. Haijui kwamba kwetu saa za mchana zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza. Kirongozi wa msafara ni wewe uliyekaa kwenye kiti, na kirongozi halali.

Nilimuuliza dogo, ule mstari wa saa uliusoma?

Akanyamaza kidogo. "Niliuona, kaka. Ila vile imeandika vizuri, nikapita."

Jibu hilo liliniuma kwa sababu nalijua. Hata mimi kuna habari nimeipeleka kwa mhariri kwa kuwa ilisomeka vizuri tu. Mhariri wangu ana swali moja linaloniudhi kila siku: "Umehakikisha?" Dogo hana mhariri pale chumbani. Na ndiyo kwanza anajifunza. Asiposumbuka kuandika mwenyewe, jicho la kuona kosa atalipata wapi?

Kurekebisha kulichukua dakika moja. Kumwomba radhi yule mama kulichukua alasiri nzima, mzee mbele, sisi nyuma. Alitupa chai. Mzigo hajachukua. Nusu ya malipo ya dogo bado iko kwa mzee, na sina ubavu wa kumtetea.

Zana hajaiacha, na mimi sikumwambia aiache. Ila sasa anausoma msimbo kwa sauti, mstari kwa mstari, kama mtoto wa madrasa.

Wadau mnaoandika programu, nyie mnasoma? Alamsiki.