Baruti Haikadiriwi kwa Kiganja

Mimi ni mkazi wa Mandewa, hapa Manispaa ya Singida. Kabla ya kutulia mjini nilikuwa mfuata nyayo katika vitalu vya uwindaji upande wa Rungwa. Natoa ushuhuda huu kwa sababu bado wapo vijana wanaopiga hodi kwangu na maganda matupu ya risasi, wakitaka niwaelekeze namna ya kuyajaza upya.

Nimekulia kwenye gobore. Baba mdogo alikuwa nalo, kazi ya fundi wa kijijini, mtutu wake bomba lililong'olewa kwenye gari bovu. Baruti aliimwaga kiganjani, akaitazama, akaimimina mtutuni na kuishindilia kwa ufito, kisha zikafuata gololi. Kipimo kilikuwa jicho lake. Sisi watoto tuliona huo ndio ustadi wenyewe: mwindaji hodari ni yule asiyehitaji kupima. Niliingia porini na imani hiyo, na hakuna aliyeipinga kwa muda mrefu.

Aliyenibadilisha ni mgeni kutoka Marekani aliyekuja kuwinda nyati kwa raifo ya bolti ya .375, saizi ya chini inayokubalika nchini kwa wanyama hatari. Risasi zake alizijaza mwenyewe nyumbani kwake. Jioni kambini, mwindaji bingwa wetu akitafsiri, nilimuuliza anajuaje kiasi cha baruti. Akatoa daftari. Kila fungu la risasi lilikuwa na mstari wake: jina la baruti, uzito wake, uzito wa kichwa cha risasi, na ganda limeshatumika mara ngapi.

Akanieleza kwamba mezani kwake hukaa kopo moja tu la baruti, zisije zikachanganyika. Mizani yake husoma hadi chini ya sehemu ya mia ya gramu. Huanza na kiasi cha chini kilichoandikwa katika kitabu cha kiwanda cha baruti hiyo hiyo, wala hakisii. Kabla ya kupachika vichwa, humulika tochi ndani ya kila ganda, maana ganda lililomiminiwa mara mbili linaweza kumpasukia usoni. Lenye ufa shingoni, au lenye mstari unaong'aa kuzunguka karibu na kitako, hulitupa. Fataki za kuwashia baruti hubaki kwenye boksi lake, mbali na baruti. Sigara haisogei hapo.

Nilimwona ni mwoga, hadi alipofungua bolti na kunionesha meno mawili ya chuma yaliyo mbele yake. Muundo huo ni wa Paul Mauser, Mjerumani, wa mwaka 1898, na hadi leo viwanda vinauiga. Ukisukuma kipini mbele na kukilaza chini, meno hayo hujifunga ndani ya bodi ya bunduki. Risasi ya .375 ikilipuka, kanieneo ya gesi inaweza kufika baa 4,000 na zaidi, yaani mara 500 hivi ya upepo ulio ndani ya tairi la lori. Kinachozuia nguvu hiyo isirudi kwenye jicho la mpigaji ni hasa meno yale.

Hapo ndipo nilipoelewa hatari ya kiganja. Baruti nyeusi ya gobore ni mkaa, kiberiti na chumvi ya shura. Baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliipata mwaka 1884, ina nguvu nyingi zaidi kwa ujazo uleule, nayo si aina moja. Ya shotgani huungua haraka kuliko ya raifo. Ukiijaza kwenye ganda la raifo kwa macho, umetengeneza bomu na kuliweka shavuni. Hakuna uzoefu wa miaka unaoweza kutofautisha punje hizo kwa jicho.

Leo namiliki raifo moja ya .30-06 kwa leseni. Risasi nanunua dukani kwa kibali, kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila idhini. Nilichochukua kwa yule mgeni ni daftari. Naandika kila risasi iliyoingia na iliyotoka. Bolti naivua na kuifungia mbali na bunduki, risasi zina kabati lake, na mke wangu anajua funguo ziko wapi, watoto hawajui.

Septemba na Oktoba 2023, serikali ilipotangaza msamaha kwa watakaosalimisha silaha kwa hiari, nilimfuata baba mdogo. Alikataa. Gobore lile lilimlisha, nami lilinilisha, na sikumdharau kwa kulipenda. Nilimwomba anioneshe mkono wake wa kushoto, wenye vidole vitatu tangu mtutu wa gobore lake la kwanza ulipopasuka. Akanyamaza muda mrefu, kisha akaenda kulitoa darini. Tulilipeleka kituoni pamoja.

Kwa hiyo, kijana uliye na maganda mfukoni, kwangu hutajaziwa. Yapeleke polisi. Na wewe uliyerithi gobore, serikali ikitangaza msamaha mwingine, lisalimishe siku ya kwanza.