Mashine ya Nje

Embulbul haimlishi fundi wa AC. Tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, chini ya Vilima vya Ngong, na Julai ikifika watu hapa wanawaza jiko la makaa. Nilipohamia na kutaja kazi yangu, jirani aliniuliza kama nitakula ukungu. Miaka ya kwanza nililishwa na friji za mabucha na majokofu ya maziwa, kutoka hapa hadi mjini Ngong. AC nilizifuata kwenye joto: Kitengela, Isinya, mji wa Kajiado, na huko chini kabisa, Magadi.

Ufundi niliupata Industrial Area, Nairobi, kwa mzee mmoja aliyeanzia kazi kwenye majokofu ya meli Mombasa. Enzi hizo friji nyingi zilikuwa na gesi ya R-12, na AC zilikuwa na R-22. Mkataba wa Montreal, wa kuondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, ulikuwa umetiwa saini tangu 1987, lakini karakanani tuliusikia kupitia bei. R-12 ilipanda, ikaadimika, na kufikia 2010 nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimeachana nayo. R-22 nayo imewekewa 2030, ibaki kiasi kidogo tu cha kutengenezea mashine za zamani.

Mzee hakupenda kusikia habari za baridi. Kila mtambo uliposhindwa aliuliza: "Joto limeenda wapi?" Kwake AC ilikuwa mchukuzi, inabeba joto la chumbani na kulitua nje, na pa kulitulia ni kondensa, iliyo ndani ya mashine ya nje. Likikosa pa kutua, linarudi na mchukuzi wake. Nimefanya kazi hii hadi mvi zikaniota, na sijapata swali lililonifaa kuliko hilo.

Wateja wengi hawalijui. Ukifika nyumbani kwao wanakupeleka sebuleni, wanakuonyesha mashine ya ukutani, wanakupa rimoti. Kitengela nimeyasikia maneno haya hadi ningeweza kuyasema kabla yao: asubuhi inapoza vizuri, ikifika saa nane mchana inapuliza hewa vuguvugu, inazima, inakaa kidogo, inawaka tena. "Fundi, niongezee tu gesi."

"Mama, AC haili gesi. Kama imepungua, imetoboka mahali. Hebu kwanza nione mashine ya nje."

Nje ndiko kwenye habari. Naweka kiganja juu ya feni mashine ikifanya kazi. Hewa inayotoka inapaswa kuwa ya moto kuliko ya uani, na iwe na nguvu. Ikiwa ya moto sana lakini dhaifu, kondensa imeziba. Feni ikiwa imesimama huku kompresa inanguruma, namshuku kapasita, na mara nyingi namkuta amevimba kichwa. Kukiwa kimya kabisa nafungua kifuniko, maana sisimizi na mijusi wanapenda swichi za ndani, na mjusi mmoja aliyekauka kati ya vyuma anatosha kuzuia stima. Hewa ya nje ikiwa haina joto, bomba jembamba limeshika barafu, na kwenye nati kuna doa la mafuta, hapo ndipo ninapozungumza habari za gesi. Nayo haiongezwi hivi hivi. Tundu linatafutwa kwa povu la sabuni na kuzibwa, mabomba yanajaribiwa kwa naitrojeni, hewa inanyonywa yote, kisha gesi inapimwa kwa mizani kulingana na kibao cha mashine.

Kitengela adui mkubwa ni vumbi. Mvua ikikatika, udongo mweusi wa zile mbuga unapasuka, malori yanaupondaponda, na feni inauvuta kwenye mapezi, yale mabati membamba ya alumini yanayozunguka mabomba. Dawa yake ni maji, lakini kwa adabu. Stima inazimwa kwenye swichi kuu, kapasita anamalizwa chaji, brashi laini inafuata mstari wa mapezi, na maji ya bomba yanapigwa kutoka ndani kwenda nje. Nimekuta kondensa iliyooshwa kwa mashine ya kuoshea magari. Mapezi yote yalikuwa yamelala, na hewa haikupita tena.

Magadi ni elimu nyingine. Ukivuka Corner Baridi barabara inateremka, unapita Olorgesailie, hadi ziwani, karibu mita 600 tu juu ya bahari, na joto linaweza kukaribia nyuzi 40. AC nyingi zinazouzwa hupimwa uwezo wake nje kukiwa na nyuzi 35. Zipo za daraja la T3, zinazopimwa kwa nyuzi 46, na huko ndizo za kununua. Halafu kuna vumbi jeupe la magadi. Hilo hula alumini na kuiacha shaba. Nimefungua mashine ambayo geji ilisema ni nzima, gesi yote imo, mabomba yanang'aa, lakini mapezi yalikuwa yakivunjika vidoleni kama biskuti. Joto lilifika kwenye bomba likakosa pa kushika. Huko nashauri mashine isuuzwe kwa maji matamu mara kwa mara, iwekwe upande usiopigwa na upepo wa ziwa, na kondensa iwe imepakwa rangi ya kinga tangu kiwandani.

Kesi ngumu zaidi ni za nyumba mpya za ghorofa, kwa kuwa hakuna kilichoharibika. Mwenye nyumba ameona mashine ya nje inaharibu sura ya jengo, akaijengea kizimba au akaisukuma kwenye kijia kati ya kuta mbili. Inatema hewa ya moto na kuivuta tena. Kivuli kinaisaidia, kizimba kinaiua. Hapo sina spea ya kuuza. Nina maneno tu, na kazi ya kuihamisha.

Hilo ndilo tatizo la ufundi huu. Watu wanalipia gesi kwa moyo mweupe kwa sababu wanauona mtungi. Kuosha wanakuona ni kazi ya kijana wa mtaani. Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini tusiongeze gesi kidogo, mteja afurahi, nasi tuondoke. Nawaeleza kwamba kwenye kondensa iliyoziba gesi ya ziada inapandisha presha, na kompresa ndiyo inayolipa, kisha mteja. Siku hizi ada yangu ya kwanza ni ya kuangalia, na naitaja kwenye simu kabla sijapanda matatu. Wengine hukata. Wanaobaki ni wale ambao nyua zao nazijua kuliko sebule zao.