Nipe Mji

Katika michezo yote niliyoijua hapa Singida, bao na kete zake 64 likiwemo, sijaona uliobuniwa kwa ustadi kuupita mchezo wa vitendawili. Ustadi wenyewe umo katika adhabu. Aliyeshindwa kufumbua hudaiwa mji. Naye hutoa Kiomboi, au Manyoni, au hata Unguja ambako hajawahi kufika. Mtegaji huupokea, husimulia alivyokwenda huko na alivyokirimiwa, ndipo atoe jibu. Vitabu vingi nilivyofundishia viliweka jibu ubavuni mwa kitendawili, mji ukaachwa. Hasara kubwa hiyo. Vijana wanaojibunia michezo ya simu huniuliza wapate wapi visa vya Kiswahili. Nami huwauliza: mchezaji wenu akishindwa, hadithi huishia hapo?