Sinema ya S.W.A.T. na Swali la Mama

Vijana wa Ahero tunaipenda mno S.W.A.T., sinema ya Marekani ya mwaka wa 2003. Samuel L. Jackson na kikosi chake wanafika mithili ya umeme, nasi kibandani ni vifijo tu!

Juzi nilimsimulia mama akipepeta mchele. Akauliza, "Na Garissa je, wuoda?" Nikanyamaa jii. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Kikosi cha Recce kilitoka Nairobi, kikaingia mabwenini jioni. Kazi yenyewe haikuchukua hata saa moja. Watu 148 waliuawa siku hiyo, 142 wakiwa wanafunzi.

Mimi bado nataka kujiunga na Recce. Mama hajakubali. Ati kwanza niulize ndege zilikuwa wapi asubuhi.